Anayetaka Kuijua Nairobi Aanzie Kenyatta Avenue

Mgeni akiniuliza aende wapi Nairobi ili aione historia ya mji mkuu wetu, simpeleki KICC (Kenyatta International Convention Centre) kwanza. Jengo lile nalipenda, tena sana. Lilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati ule, likaishia kuwa ukumbi wa mikutano ya kimataifa, na lilipofunguliwa mwaka 1973 nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi ya uhuru. Lina urefu wa mita 105. Noti zote mpya zilizotolewa mwaka 2019 zina picha yake, kwa hiyo hata Mkenya ambaye hajawahi kufika Nairobi amelishika mkononi. Lakini ukisimama juu ya paa lake utaona mji wote, na hutajua hata kidogo watu wa mji huu walipitia nini.

Kwa hilo mimi humpeleka mgeni Kenyatta Avenue. Ni mwendo mfupi kwa miguu, kutoka upande wa Moi Avenue hadi Uhuru Highway, na sidhani kuna barabara nyingine Afrika Mashariki iliyobeba mambo mengi hivyo mahali padogo. Inaelezwa kwamba ilipimwa pana vile ili mikokoteni iliyovutwa na jozi nyingi za ng'ombe iweze kugeuka. Wakati wa ukoloni iliitwa Delamere Avenue, na Lord Delamere mwenyewe, kinara wa walowezi, alisimamishiwa sanamu hapo. Uhuru ulipokuja, sanamu iliondolewa na jina likabadilishwa.

Sanamu nyingine ya wakati ule iliachwa, na hiyo ndiyo ya kwanza ninayotaka mgeni aione: wanaume watatu wa shaba, Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yao, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni kweli tupu. Katika mapigano yale dhidi ya Wajerumani hapakuwa na reli wala barabara za kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, hivyo risasi, unga na mahema vilibebwa vichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu haina jina la hata mmoja wao. Kambi yao ya Nairobi, ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, iliacha jina lake kwenye mtaa na soko la Kariokor, kama ile ya Dar es Salaam ilivyoacha jina la Kariakoo, na leo watu wananunua viondo na viatu vya ngozi pale, wanakula nyama choma, bila kibao cha maana cha kuwaambia wanasimama wapi.

Ukiendelea mbele utafika Kipande House, jengo la mawe lenye mnara, lililojengwa mwaka 1913. Siku hizi ni benki. Kwa miaka mingi ndilo lililokuwa jengo refu kuliko yote mjini, na mbunifu wake alikuwa Mhindi, Gurdit Singh Nayer. Ni jengo zuri, na uzuri huo ndio unaonitatiza, kwa sababu hapa ndipo wanaume Waafrika walipoletwa kuandikishwa. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande, yaani karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi ilitiwa katika kikopo cha chuma, kikopo kikaning'inizwa shingoni. Wazee walisema walivishwa kengele kama mbuzi.

Ubaya wa kipande haukuwa fedheha peke yake. Mtu hakuweza kuacha kazi mpaka mwajiri amtilie sahihi. Akiondoka bila sahihi alihesabiwa mtoro, askari wakamsaka, na mwajiri mwingine hakuweza kumwandika. Na kwa kuwa mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa pale pale, mwajiri mpya hakuwa na sababu ya kuuzidisha. Fikiria mpagazi aliyerudi hai kutoka vitani, kisha akakutana na kikopo hiki. Kati ya sanamu ya shaba na jengo la mawe ni dakika chache tu za kutembea, na ninaamini hadithi hizi mbili lazima zisimuliwe pamoja, kwa kuwa ni hadithi ya watu wale wale.

Mtaa mmoja kando, Banda Street, pana Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Msikiti wa Jamia uko jirani yake kabisa, na mimi humwomba mgeni asimame katikati ayatazame yote mawili, nguzo za mawe upande huu na kuba upande ule. Nafurahi kwamba Wakenya wenyewe, kupitia shirika la Book Bunk la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wamejitwika kazi ya kuifufua maktaba hiyo na matawi yake.

Sasa tufike mwisho wa barabara, penye Nyayo House.

Kila aliyewahi kuomba pasipoti Nairobi analijua jengo hili. Foleni, fomu, picha, subira. Chini ya foleni hiyo, katika orofa ya chini ya ardhi, kuna vyumba ambamo katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 wahadhiri, wanafunzi, wanasiasa na wakulima walioshukiwa kupinga serikali walifungiwa na kuteswa. Wengi walituhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali. Manusura wameeleza mahakamani walivyowekwa uchi gizani, sakafu ikajazwa maji, wakaachwa hivyo siku kadhaa bila chakula, kisha wakapandishwa kwa lifti kwenda kuhojiwa ghorofa za juu. Mahakama imewaamini, ikaamuru serikali iwalipe fidia. Mwaka 2003, baada ya KANU kushindwa, serikali mpya iliwafungulia wananchi wavione vyumba hivyo, na ikasemwa kwamba mahali pale patakuwa pa ukumbusho. Mpaka leo mwananchi hawezi kwenda tu akaingia kama anavyoingia Jumba la Makumbusho la Taifa.

Hili linaniuma. Jengo lenyewe lipo, halijabomolewa, vyumba vipo, na baadhi ya waliopitia humo wangali hai na wanaweza kutuonyesha nani alilala wapi. Nchi nyingine hujenga upya mahali kama hapa kwa gharama kubwa. Sisi tunacho kitu halisi na tumekifungia mlango.

Vuka Uhuru Highway, na kwenye pembe ya Uhuru Park inayotazamana na Nyayo House utakuta Freedom Corner. Katika bustani hii hii, mwaka 1989, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipinga mnara wa ghorofa 60 uliokuwa ujengwe na chama tawala. Alitukanwa bungeni, ofisi yake ikaondolewa katika jengo la serikali, lakini wafadhili wakajitoa na mnara haukujengwa. Kisha, mwishoni mwa Februari 1992, akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikuja kuketi hapa na kufunga kula. Tarehe 3 Machi polisi wakawatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi, Wangari akapigwa hadi kuzirai. Mama wale wakavua nguo zao mbele ya askari. Katika jamii zetu mama akikuvulia nguo amekulaani, na askari walijua hivyo. Baadaye wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa.

Mama hao waliketi ng'ambo ya barabara tu kutoka jengo ambamo watu kama wana wao waliteswa. Ukisimama hapo unaona pande zote mbili bila kusogeza mguu. Kwangu hapo ndipo mahali pa kihistoria kuliko pote Nairobi, na hapana noti yenye picha yake.

Wapo wanaosema kutonesha vidonda hivi kutawatenga Wakenya, na kwamba mtalii hakuja kulia. Naelewa hofu hiyo, lakini siikubali. Bustani ya ukumbusho ya Agosti 7, palipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998 na watu 213 wakafa, ina ukuta wenye majina, na wenyeji na wageni huenda pale kila siku. Hakuna aliyetengana na mwenzake kwa kusoma majina yale. Tumeweza kuwakumbuka waliouawa na magaidi, basi tuweze kuwakumbuka walioumizwa na serikali zetu, ya kikoloni na ya kwetu.

Ninachodai kinawezekana. Vyumba vya Nyayo House vikabidhiwe Makumbusho ya Taifa, vifunguliwe, na manusura walipwe kuwa waongozaji maadamu wapo. Kariokor iwekewe maelezo ya wapagazi kwa Kiswahili kinachosomeka. Ukumbi wa Kaloleni, ambako Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili na wa papo hapo mnamo Aprili 1950, kisha akakamatwa na kuzuiliwa hadi 1961, uingizwe katika ziara za shule. Na karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako tarehe 16 Machi 1922 Mary Muthoni Nyanjiru aliwaongoza watu kudai Harry Thuku, mpinzani wa wakoloni, aachiliwe, akapigwa risasi akafa pamoja na wenzake, Thuku amepewa barabara. Nyanjiru naye apewe sanamu, isimame hapo hapo alipoanguka, na majina ya wenzake yanayojulikana yachongwe chini yake.