Kisauni, Lamu Mashariki na watu 89 wa Minnesota

Kila mjadala wa mipaka ya maeneo bunge unapozuka Kenya, jamaa hunigeukia mimi niliye Minnesota: "Wewe uko Marekani, huko wanafanyaje?" Wanataka niwaambie huku kila kitu kinakwenda kwa haki. Jibu langu huwaudhi. Sheria yetu ya Kenya ni bora kuliko ya Wamarekani. Wanachotuzidi ni kwamba hesabu zao zimewekwa mezani, mwenye macho azione.

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kimeipa tume huru kazi ya kukata mipaka, kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kimeweka kipimo. Chukua Wakenya wote, wagawe kwa maeneo bunge 290, halafu eneo lisizidi wala lisipungue kipimo hicho kwa zaidi ya asilimia 40 mijini na kwenye sehemu zenye watu wachache, au asilimia 30 kwingineko. Huku majimbo mengi huwaachia wabunge wenyewe wachore mipaka ya viti vyao. Hebu mwachie muuza samaki ajitengenezee mizani, uone kilo yako itakuwa ya gramu ngapi. Jirani zetu wa Wisconsin, mwaka 2018, Wademokrati walipata zaidi ya nusu ya kura za bunge la chini la jimbo lao, wakaambulia viti 36 kati ya 99. Texas nayo mwaka 2025 haikungoja hata sensa nyingine: ilichora upya katikati ya muongo ili Warepublican wajiongezee viti, na California ikajibu kwa kuchora ramani ya kwake. Kwa hivyo anayeniambia Wazungu ni watu wa uadilifu, mimi hucheka tu.

Lakini huo wizi tunaujua kwa sababu unahesabika. Takwimu za sensa ya 2020 za kugawia viti zilitolewa Agosti 2021, bure, hadi kiwango cha bloku, yaani kipande cha mtaa. Ziko programu za mtandaoni ambazo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kukaa nazo akachora ramani yake na kuona kila upande una watu wangapi. Hapa Minnesota wabunge walishindwa kuafikiana, jopo la majaji watano likachora badala yao, na ramani ikatangazwa tarehe 15 Februari 2022. Jimbo lina watu 5,706,494 na viti 134 vya bunge la chini, kwa hivyo kila kiti kinastahili watu 42,586. Ramani ilitoka pamoja na faili zake. Ukiikuza kwenye kompyuta unaona mstari umepita upande gani wa barabara, na kama nyumba yako imeangukia ndani au nje. Nilitazama hivyo sehemu za Brooklyn Park zilizomo kwenye 38A, kiti alichoshinda Huldah Hiltsley mwaka 2024, akawa mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge la Minnesota. Sensa hiyo ilipofanywa sikuwa raia na sikuwa na kura, lakini nilihesabiwa kama mtu mwingine yeyote. Kenya nina kura, ya rais pekee nikiwa nje, ila sensa hainihesabu. Sijui nicheke au nilie.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Minnesota iliponea chupuchupu kupoteza kimoja cha viti vyake vinane vya Bunge la Wawakilishi huko Washington. New York ingehesabiwa watu 89 zaidi, kiti hicho kingekwenda kwao. Mwaka 2022 Idara ya Sensa yenyewe ikatoa ukaguzi wake na kukiri kwamba Minnesota ilihesabiwa kupita kiasi kwa karibu asilimia 4. Kiti kilibaki, maana sheria haina kurudi nyuma, lakini kosa liko wazi na aliyelitoboa ni mhesabuji mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Mipaka tunayoitumia ni ya Machi 2012. Mingine ilipaswa kuwa tayari Machi 2024, na ikapita kimya, kwa sababu IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Mipaka yenyewe imeandikwa kwa maneno kwenye gazeti rasmi: wadi fulani ina kata ndogo hii, hii na hii. Na kata ndogo inaishia wapi? Hapo umuulize chifu. Faili za ramani zinazozunguka mtandaoni nyingi zimewekwa na watafiti na mashirika ya misaada, kila moja na mstari wake. Takwimu za sensa ya 2019 zipo hadi kata ndogo, sikatai, KNBS, yaani shirika la takwimu la Kenya, walifanya kazi. Ila zimo kwenye PDF, jedwali juu ya jedwali, na ukitaka idadi ya wadi moja unajumlisha kwa mkono kama karani wa duka la jumla.

Na hesabu zenyewe haziaminiki kila mahali. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta ya 2019 kwa Garissa, Wajir na Mandera. Ugomvi huo hauna siri: watu wengi maana yake pesa na viti.

Makadirio ya siku za usoni ndiyo yananiuma zaidi. Hapa eneo la Minneapolis na Saint Paul kuna Metropolitan Council, inayokadiria watu, familia na ajira, mji kwa mji, miongo kadhaa mbele. Mji ukiona umepunjwa huleta hoja zake. Halafu makadirio hayo ndiyo huamua mabomba ya maji taka yapite wapi na yawe na upana gani. KNBS nao wanakadiria kwamba tutafika takriban milioni 70 mwaka 2045, lakini makadirio yao huishia kwenye kaunti. Kisauni, eneo bunge la Mombasa, itakuwa na watu wangapi? Waulize wenye nyumba za kupanga za huko Bamburi, wao wameshajijengea makadirio yao, ghorofa juu ya ghorofa.

Hesabu ya Pwani mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Kenya nzima mwaka 2019 tulikuwa 47,564,296; gawa kwa 290, unapata 164,015. Kisauni ilikuwa na watu 291,930. Kikomo cha juu cha asilimia 40 hakifiki 230,000, kwa hivyo Kisauni imeshakiruka, na Likoni, kwa watu wake 250,358, imekiruka pia. Lamu Mashariki ilikuwa na watu kama 22,000. Watu kumi na watatu wa Kisauni kwa mmoja wa Lamu Mashariki, huku pesa za CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, zikigawanywa karibu sawa kwa kila eneo bunge. Basari ya mtoto wa Mjambere, Kisauni, inagombaniwa na wangapi?

Kwa hesabu tupu, Lamu yote haijazi hata kiti kimoja. Nilimwambia hivyo mjomba wangu wa Faza, kisiwani Lamu Mashariki, kwenye simu. Akanijibu, "Mwanangu, hesabu yako haijapanda mashua." Ana haki. Mbunge wa kukaa Lamu mjini akitaka kufika Faza lazima apite mkondo wa bahari wa Mkanda, na maji yakitupa, boti hungoja mpaka yajae. Kiunga ni mbali zaidi, na Basuba kwa Waboni ni msitu na usalama wa wasiwasi. Katiba inataja jiografia na njia za mawasiliano, haitaji idadi peke yake. Lakini inazitaja ndani ya asilimia zile zile, na Lamu Mashariki iko nje kabisa. Mwaka 2012 ilinusurika kwa sababu Katiba ilikataza eneo lolote kufutwa katika mapitio ya kwanza. Kinga hiyo imekwisha. Mimi ningependelea Bunge libadilishe Katiba na liseme waziwazi kwamba visiwa vina kiti chao, kuliko tume kuchakura visingizio.

Kisauni haihitaji huruma hiyo, inahitaji kukatwa vipande viwili tu. Mimi ningeweka Shanzu, Bamburi na Mwakirunge upande wa kaskazini, na Mjambere, Junda, Magogoni na Mtopanga upande wa kusini. Wa Mtopanga watakaosema wao ni wa Bamburi, waje na kata ndogo zao na idadi zake, tuketi tujumlishe pamoja.