Majani ya mikorosho tunayoyachoma

Mwezi wa nane nilikuwa shambani kwa mjomba, Tandahimba, mkoani Mtwara. Moshi ulitanda kila upande, maana ndiyo wakati wa kusafisha mikorosho. Kwa wasioijua kazi hii: kabla korosho hazijaanza kudondoka, chini ya mti panapaliliwa na kufagiliwa mpaka mchanga ubaki mtupu, ili korosho ikianguka ionekane. Majani yanakusanywa, yanatiwa kiberiti.

"Mjomba, kwa nini tusiyarundike kando tu?"

"Mjomba, huo ni mji wa nyoka. Na moto wa jirani ukija, utapitia hapo hapo."

Ana haki, sikubishana naye. Nilichukua jembe nikachimba chini ya mkorosho, kisha nikachimba kwenye kichaka cha mpakani ambacho hakijaguswa miaka mingi. Udongo wa kichakani ulikuwa wa kahawia iliyokolea, una nyuzi za mizizi, ukiufinyanga unashikana. Ule wa mkorosho ulipita katikati ya vidole kama chumvi.

Tofauti ile ndiyo hupimwa maabara kwa jina la kaboni ya udongo, yaani kaboni iliyomo kwenye mboji, masalia ya mimea na wadudu yaliyooza. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kweli cha afya ya mazingira yetu. Leo tunahesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe. Kaboni ya udongo inaonyesha ardhi ilivyotendewa miaka yote, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Umoja wa Mataifa nao, katika kupima ardhi iliyochakaa, huangalia mambo matatu: kilichoifunika ardhi, uzalishaji wake, na kaboni. Mawili ya kwanza setilaiti inayaona. La tatu, ukitaka uhakika, lazima mtu ainame achimbe.

Kwa sisi wa uwanda wa Makonde jambo hili ni zito zaidi. Mchanga wetu una udongo wa mfinyanzi kidogo tu, kwa hiyo mboji ndiyo inayoshika maji na chakula cha mmea. Tena kila msimu tunapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga, na salfa ikifika ardhini huongeza tindikali. Mboji ikiisha, hakuna kinachoipunguza makali.

Wengine wanasema kaboni yetu ni ndogo mno kupimwa. Hapana. Hekta moja, kina cha sentimita 30, kwa mchanga wa kawaida ina kama tani 4,200 za udongo. Kaboni ikiwa asilimia 0.5, hizo ni tani 21. Ikishuka hadi 0.4, tani 4 na ushee zimetoweka, na kwa macho shamba ni lile lile. Ila tusilinganishe mchanga wa uwanda wetu na udongo mweusi wa mbugani. Shamba lilinganishwe na lenyewe: sehemu ile ile, kina kile kile, mwezi ule ule, na kwa subira, maana badiliko huchukua miaka kuonekana.

Historia nayo tunayo hapa hapa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, Nachingwea ikiwamo, bila kuuchunguza udongo na mvua vya kutosha. Kufikia 1951 mpango ule ulikuwa umeachwa.

Kuna mwaka walikuja watu kijijini kwetu wakachukua udongo kwenye mifuko. Majibu hatujayaona hadi leo, na hilo linaniuma kuliko moshi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko hapa hapa Mtwara. Ninachotaka ni kila kijiji kiwe na sehemu chache za kudumu za kupimia, na namba zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Mjomba amekubali mistari miwili ya mikorosho isichomewe majani. Tumechimba mtaro katikati, mbali na mashina, tukayafukia humo majani pamoja na mabibo ya korosho yaliyooza. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye mti wa tatu kutoka njiani, na udongo wa hapo, wa mwaka huu, uko kwenye kopo juu ya kabati langu.