Buti jipya soli imebanduka mlimani: ni feki au limezeeka?

Kuna ubishi hapa Moshi hauishi, kila msimu wa kupanda Kilimanjaro ukianza unarudi upya, mgumu (mpagazi wa mlimani) anashuka soli imebanduka na buti lenyewe lilikuwa linaonekana jipya kabisa, basi hapo huyu anasema feki hiyo, yule anasema gundi mbovu, mwingine anakwambia achana na mtumba kanunue dukani. Mimi nimebeba mizigo mlimani misimu mingi, na naona wote hao wanaruka kitu kimoja: soli inazeeka hata ikiwa imekaa tu.

Langu nilipewa na mgeni, zuri sana, nikaliona la thamani mno kulivaa kila siku. Nikalifunga kwenye nailoni, nikalitia kwenye boksi chini ya kitanda, chumba chenyewe bati tupu bila dari. Mwaka wa nne ndo nikalitoa. Tuko Ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali wa kukwea huko mlimani, nina mzigo, nikasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi ghafla, kuangalia chini soli ya mpira imebaki kwenye jiwe, nzima, meno yote yapo. Kilichokufa ni ile sponji ya katikati. Ilikuwa inamomonyoka kama keki iliyolala siku tatu, na ukiishika inanata vidoleni.

Ile sponji mara nyingi ni poliurethani, aina ya plastiki, na aina inayotumika sana kwenye viatu ni ya esta. Chukulia ni minyororo mirefu sana ya molekuli, sasa unyevu wa hewani unaingia taratibu unakata pete moja moja, na kila pete ikikatika inaacha asidi kidogo ambayo inazidi kuharakisha ukataji, ndo maana miaka ya mwanzo huoni kitu halafu mwishoni inaenda kwa kasi. Joto nalo linachochea, makadirio ya wakemia ni kwamba nyuzi 10 zikiongezeka kasi inakaribia kuwa mara mbili. Sasa fikiria nailoni, unyevu, na bati la mchana wa Februari.

Kwa hiyo wanaosema poliurethani ikae mbali kabisa na mgumu wana hoja, na nzito. Sponji ya EVA, plastiki ya aina nyingine, maji hayaikati hivyo. Yenyewe inachoka kwa kubonyea, inakuwa flati, miguu inauma, lakini haikuachi peku kwenye mwamba. Mpira wa chini nao ni habari nyingine, umepikwa na salfa na kuwekewa masizi ya kaboni yanayokinga jua, ndo sababu katambuga za tairi za Wamasai zinadumu vile. Hapa watu wengi wanadanganyika: wanaangalia alama ya njano ya Vibram, kampuni ya soli za mpira, chini ya soli wanaridhika, na kweli mpira ule ni mzima, ila hautakwambia chochote kuhusu sponji iliyo juu yake.

Lakini upande wa pili nao usidharauliwe jamani. Ukiwa na kilo 20 unashuka njia ya Mweka, magoti yanajua tofauti, poliurethani inabeba uzito siku hadi siku bila kubonyea kirahisi. Na watengenezaji wanasema kuivaa mara kwa mara kunasaidia kusukuma unyevu nje. Nakubali kiasi, maana kuvaa hakuzuii kuzeeka, kunasaidia tu, na pia kunamaliza mpira wa chini. Ila kati ya buti lililovaliwa miaka miwili na lililolala kwenye boksi miaka tisa, mimi nachukua lililovaliwa, hata kama limechubuka.

Shida kubwa ipo kwenye bei. Pale soko la mitumba la Memorial buti safi lisilo na mkwaruzo linauzwa ghali kuliko lililotumika, wakati huo usafi wenyewe unaweza kuwa ndo dalili kwamba lilisahaulika stoo huko Ulaya. Chungulia lebo ndani ya ulimi, nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ikizidi miaka mitano bonyeza sponji kwa kidole gumba juu ya kisigino, kunja soli, tafuta nyufa nyembamba, na ukikosa tarehe kabisa bora uchukue EVA. Kidole hakitoshi peke yake lakini, mara nyingi kinakamata ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Na ukilipata la poliurethani lenye umri mdogo, livae. Likilowa likaushe kivulini penye upepo, usilifunge na nailoni.

Langu gundi haikushika, maana ilikuwa inashika unga. Fundi akakwangua sponji yote, akaweka vipande vya tairi akashona kuzunguka. Limekuwa zito kweli, ila huu msimu wa tatu nalo.