Kiti Kimevaa Kunishinda

Hebu niambieni, ndugu zangu, kiti kikikaa uchi kinaona aibu gani?

Leo asubuhi nimeletewa profoma ya mapambo ya harusi, yaani karatasi ya bei. Nikavaa miwani, nikasoma, nikavua miwani, nikaifuta na shati, nikasoma tena. Imeandikwa "kuvalisha viti". Si kukodi viti, hapana, kukodi kuna mstari wake na bei yake. Hii ni nguo ya kiti. Na chini yake kuna "utepe wa kiti", yaani kiti kikishavaa kinafunga na mkanda.

Mnajua mambo haya yanavyoanza. Binti yangu na mchumba wake walikuja sebuleni wameshikana mikono, wakasema, "Baba, sisi tunataka harusi ndogo." Machozi yakanilengalenga. Nikasema moyoni, kumbe ada zote zile hazikwenda bure. Ndogo maana yake watu 50. Daftari la hesabu nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa eti mimi ni mtu makini.

Sasa harusi ndogo huwa inatakiwa na watu wawili tu, na hao ndio hawaulizwi. Mke wangu aliisoma ile orodha, akanyamaza, halafu akauliza polepole, "Shangazi zangu hawapo?" Shangazi haji bila mwanawe, mwanawe haji bila mwenzake, na mwenzake ana dada ambaye alitualika kwake, tutamwangalia kwa jicho gani? Mimi nimeongeza wenzangu wanne wa kazini, ila hao ni wa lazima. Orodha imefika 180 na bado inapumua.

Na mtu mmoja akiongezeka, haongezeki peke yake. Anakuja na kiti, sahani, kinywaji na kadi. Meza ikijaa inazaa meza nyingine, na meza changa nayo inadai ua la katikati. Nimemweleza mke wangu haya yote kwa kalamu na karatasi, kwa utulivu kabisa. Akaniambia nina roho ngumu.

Ukumbi tusiuzungumze. Jumamosi bei yake ni nyingine na Jumatano bei yake ni nyingine, ukumbi uleule, taa zilezile, choo kilekile. Nilipopendekeza Jumatano nyumba nzima ilinitazama kama mtu aliyesema watoto wakafungie ndoa stendi ya mabasi. Tukalipia Jumamosi. Kianzio hakirudishwi, na mkipitiliza muda mnatozwa kwa saa, kwa hiyo siku hiyo nitakuwa natazama saa kuliko ninavyomtazama bibi harusi. Kadi zinatumwa kwa simu, hazichapishwi. Hilo nilishinda, na liandikwe.

Turudi kwa mpambaji. Alikuja nyumbani na kompyuta kibao na kitabu kinene cha vipande vya vitambaa. Mimi nilijiandaa kama mkuu wa familia: shati la kola, mguu juu ya mguu, sauti ya chini.

"Mzee wangu," akaanza, "rangi za harusi ni zipi?"

"Nyeupe," nikasema. Nilidhani nyeupe ni bure.

Akatabasamu. "Nyeupe ipi, mzee?"

Akanipangia vipande mezani: nyeupe theluji, nyeupe lulu, nyeupe maziwa, krimu, pembe ya ndovu, na kingine akakiita shampeni. Nikakichukua kimoja kimoja nikakipeleka dirishani, nikakigeuza nyuma, nikakitazama na miwani na bila miwani. Haki ya Mungu, vyote ni shuka moja. Ncha zimekatwa kwa mkasi wa meno, basi, hapo ndipo ufundi ulipoishia.

"Lulu," nikasema, kulinda heshima.

"Lulu na kuta za ule ukumbi haviendani, mzee. Kuta ni krimu. Itaonekana chafu."

"Basi krimu."

"Krimu itapotea ukutani."

"Dada yangu, kiti kikipotea ukutani si ndiyo nafuu? Watu watadhani ukumbi ni mpana."

Hakucheka. Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikajikusanya, nikauliza kistaarabu, hivi viti vyenyewe vina kasoro gani mpaka vifunikwe?

"Ni vya plastiki, mzee. Vitaonekana."

"Vitaonekanaje na mtu amekalia? Mgeni akiingia anakaa. Kuanzia hapo anayeonekana ni mgeni."

"Vitaonekana kabla wageni hawajaingia."

"Na nani atavitazama kabla wageni hawajaingia?"

"Mpiga picha."

Yaani kuna picha ya ukumbi mtupu! Inapigwa mapema, taa zimewashwa, hakuna mtu hata mmoja, viti 180 vimevaa vimefunga mikanda vinatazama mbele. Nimelea, nimesomesha, nimeuguza, na sasa nalipia picha ya harusi isiyo na watu.

Hapo ukuu wa familia ukanitoka. Nikasimama. Nikasema viti havivai kitu! Kwa nini tusiushonee na mlango koti?

Yule dada akateleza kidole kwenye kioo chake, akasema kwa upole, "Mlango una upinde wa maua, mzee. Uko ukurasa wa pili."

Nilikaa. Ningefanya nini? Lakini niwaambie ukweli, lililonichoma si bei peke yake. Hawa watoto wakitoka hapo ukumbini wanaingia chumba cha kupanga ambacho hakina hata kabati. Nguo zao zitalala kwenye masanduku, na hii hela ya kabati imekwenda kuvisha plastiki kwa saa chache za jioni moja. Nikilisema hilo naambiwa, "Baba, harusi ni mara moja." Kabati nalo linanunuliwa mara moja, ila halina mpiga picha.

Suluhu iliyopatikana, baada ya mke wangu kuingilia kati, ni kwamba viti vinavaa vyote, ila vya safu mbili za nyuma havifungi mkanda.

Gauni? Gauni nimelinyamazia, ingawa nilijaribu. Nilimweleza binti yangu kwamba hili gauni jeupe lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa akiolewa na Albert mwaka 1840. Kabla yake, huko Ulaya, maharusi wengi walivaa tu gauni lao zuri kuliko yote, la rangi yoyote, na baada ya harusi wakaendelea nalo. Na huyo Victoria mwenyewe, pamoja na ukubwa wa himaya yake, lesi ya harusi yake aliitoa tena na tena kwenye shughuli nyingine kwa miaka. Malkia anarudia nguo! Binti yangu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi Baba niazimie hiyo lesi ya Victoria."

Mpiga picha naye ana droni. Ya nini, ndani ya ukumbi wenye paa, sijaambiwa. Mshereheshaji anataka hotuba yangu aione mapema. Ameshaipunguza kabla sijaiandika.

Na sasa imeonekana kwamba mimi nami ni sehemu ya mapambo, kwa hiyo suti yangu, ambayo ni nzima na ina vifungo vyote, haiendani na meza. Nimepelekwa kwa fundi. Huyu angalau ni mtu wa maneno machache. Akanipima mabega, akaandika. Akanipima mkono, akaandika. Akanizungushia futi kiunoni, akaandika, akaitazama ile namba, akanitazama mimi, akanizungushia tena.

"Harusi lini, mzee?"

Nikamtajia tarehe.

Akafuta alichoandika. "Ngoja niache nafasi kidogo."