Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam: Ukienda, Anzia Kwenye Kuta

Anayetaka kutembelea Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, yale ya kando ya barabara ya Bagamoyo, namshauri asianzie kwenye ile mistari ya mawe. Inapendeza, sikatai: kila askari na jiwe lake, jina na kikosi chake. Lakini aanzie kwenye kuta.

Vita vyenyewe, Vita ya Kwanza ya Dunia, ni vya zamani kuliko makaburi haya. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaufanya kituo kikuu cha jeshi na hospitali. Maradhi, hasa malaria na kuhara damu, yaliua watu kuliko risasi. Mwaka 1968, barabara mpya ilipotakiwa kupita kwenye makaburi ya zamani ya mji, makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yakahamishiwa hapa. Sasa tatizo likajitokeza: upande wa Waafrika na wa Waasia, makaburi hayakuwekewa alama moja moja. Ikabidi mabaki yazikwe kwa pamoja, kila kaburi la halaiki likajengewa ukuta. Mzungu alihama na jina lake. Mwafrika alihama na kundi.

Na msiniambie eti zilikuwa haraka za vita. Ripoti ya 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi. Mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo unga na risasi vikabebwa kichwani na watu. Vita vilipokwisha, wakubwa wa serikali ya kikoloni waliona makaburi ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori.

Tume imeomba radhi, na Januari 2025 Cape Town ilipata mnara wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa kwenye vita hivyo. Safi. Ila na sisi tumo kwenye lawama. Pale Posta tuna sanamu ya Askari tangu 1927, bunduki mkononi, tunaipita kila siku. Mpagazi ametajwa tu kwenye maandishi ya sanamu hiyo; sanamu yake mwenyewe haipo pale. Walimu wa historia wa Dar, wapelekeni wanafunzi kwenye zile kuta, kisha muwatume nyumbani wakawaulize wazee: nani wa ukoo wetu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi? Majina yatakayopatikana yaandikwe, wazee hao wangali hai.