Chapati Imepasuka, Bekoni Imetoroka

Imepasuka tena! Mayonezi inateremka mpaka kwenye kiwiko, kipande cha bekoni kiko sakafuni na paka ameshakiona.

Tuheshimiane. Chapati ya kukunjia kuku si chapati ya chai. Ile ya kusokota kwa mafuta, yenye matabaka ya kusifiwa na wakwe, ukiikunja inaachana kama wanakikoba waliokula hela. Hii haisokotwi. Unga gramu 500, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vya chakula, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo. Ufunike dakika 30; mwezi wa Julai, na baridi inayoshuka mlimani, saa nzima. Yanatoka madonge 8. Kikaango kikavu, moto mkali, dakika 1 kila upande, basi! Moto mdogo unaikausha kabla haijaiva, ndiyo maana inapasuka. Ikitoka, ifunike kwa kitambaa, mvuke wake uilainishe.

Kuku ni kidari cha wa kisasa. Wa kienyeji mwache achemke na ndizi zake.

Sasa bekoni. Unaingia bucha ya kitimoto na adabu zako zote.

"Mangi, habari za kazi. Naomba nyama ya nguruwe ya moshi."

"Bosi, zote hapa ni za Moshi. Za Arusha hatuleti."

"Si Moshi mji, mangi. Moshi wa moto."

"Aaa, ya kuchoma! Kaa hapo. Nusu au kilo? Na ndizi?"

"Sitaki ya kuchoma! Nataka mbichi, iliyolazwa kwenye chumvi, ikapigwa moshi, ikakatwa nyembamba kama karatasi."

Mangi anaweka panga chini. "Karatasi. Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne."

"Wanne, halafu karatasi!" Anawageukia wateja wengine wasikie. Mzee mmoja aliyekuja kununua utumbo anakuuliza kwa upole kama kazini wamekupunguza. Ukimaliza kumjibu, mbavu kilo na robo zimeshafungwa kwenye mfuko, na chenji hakuna.

Omba nyama ya tumbo, gramu 500, uondoke. Paka chumvi kijiko 1 na nusu cha chai na sukari nusu kijiko, ilale kwenye friji. Umeme ukikatika usiku, unajua mwenyewe. Asubuhi ifute, iweke friza kwa muda wa saa 1 igande nusu, ndipo kisu kinatoa vipande vyembamba. Ikiwa laini inakimbia kisu. Haina moshi, ila ina heshima yake.

Ipange kwenye kikaango cha baridi, moto mdogo, dakika kama 10. Ukianza na moto mkali, nje inaungua na mafuta yamebaki ndani. (Kikaango chako mwenyewe! Cha jirani Mwislamu usithubutu kuazima.) Mafuta yaliyotoka usimwage, kaangia kidari, gramu 400, vipande vya upana wa kidole, umekifuta maji kwanza. Kaanga kwa mafungu mawili. Ukivirundika vyote, kuku anatoa maji, anachemka, anakuwa wa wodini. Chumvi usiongeze, bekoni inayo ya kutosha nyumba nzima. Nyanya toa mbegu, letusi ikaushe, la sivyo chapati inalowa.

Na usijaze! Hapo ndipo uroho unapotuumbua. Vijiko 3 vya kuku, vipande 2 vya bekoni, acha vidole vitatu chini. Kunja chini, kunja pande, viringisha, kisha mshono uulalishe kikaangoni dakika 1 ushike.

Dakika 1 tu, na gesi inaisha hapohapo! Sasa ni kumfuata wa mkaa, yule ambaye ndoo yake juu ina mkaa wa kupigiwa picha na chini vumbi tupu. Ukimwuliza, anakwambia vumbi nalo lilikuwa mkaa. Lilikuwa! Hata hii nguo ninayodekia ilikuwa shati, mbona siivai kanisani?