Kichwa cha Wajomba na Chumvi ya Mama

Katika vikao vya wazazi huku Iringa, mtoto anayeshika mkia darasani huelezwa kwa kauli moja: amechukua kichwa cha wajomba zake. Kauli hiyo haikosi msingi. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1990 uliwapima mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, ukakadiria kuwa takribani asilimia 70 ya tofauti za alama zao za akili ilitokana na urithi. Mzazi anayeamini kuwa fimbo na masomo ya ziada humfanya mtoto yeyote kuwa wa kwanza hana budi kulikubali hilo.

Hata hivyo, asilimia hiyo husomwa vibaya mno. Haisemi kwamba sehemu saba kati ya kumi za akili ya mtoto fulani zimetoka kwenye damu. Inazungumzia tofauti kati ya watu waliopimwa, katika mazingira waliyokulia, na wachache kati yao walikulia katika ufukara. Mkulima wa Uyole, Mbeya, analijua jambo hili vizuri: katika shamba lililotiwa mbolea sawasawa, mahindi yakipishana urefu atataja mbegu, lakini mbegu chotara ileile ikidumaa kwenye udongo uliochoka, hatailaumu mbegu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake walipowachunguza mapacha wa miaka 7 nchini Marekani, waliona kuwa katika familia maskini urithi ulieleza karibu sifuri ya tofauti za alama. Matokeo hayo, ni haki kusema, hayakujirudia katika tafiti za Ulaya Magharibi.

Na udongo wetu je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Huu ndio mkoa unaolisha wengine.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa madini joto (iodini), yale yanayotiwa kwenye chumvi. Mvua za milimani huyasomba kutoka kwenye udongo, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni hauumbiki inavyostahili. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, zikiwamo za Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero walionyesha kuwa watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa mimba walisoma mwaka 0.35 hadi 0.56 zaidi, yaani miezi minne hadi karibu saba. Walilinganishwa, pamoja na wengine, na ndugu zao wa nyumba moja ambao mimba zao hazikupata kinga. Hapo kichwa cha wajomba hakielezi kitu, kwa kuwa wajomba ni walewale. Kilichobadilika ni kidonge alichomeza mama kwa wakati wake. Miezi minne huonekana michache kwa asiyejua kuwa mtoto wa kijijini mara nyingi huacha shule kwa kukosa hatua moja tu ya kuvukia darasa la juu.

Waliofaidika zaidi walikuwa wasichana. Wengi wao leo ni mama, na wanaketi katika vikao vilevile, wakisikiliza watoto wao wakihukumiwa kwa ukoo.